Mama alisema "nimechoka" nikamwambia alikatae hilo neno. Ile ilikuwa imani?

Kifungua_Mimba · Jumapili, saa 4:12 usiku

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Huwa nasoma tu humu, siandiki. Leo naandika kwa sababu usingizi umekataa, na sijui nimuulize nani ana kwa ana bila kuambiwa nimerudi nyuma.

Mama yangu alifariki miezi 7 iliyopita kwa saratani ya kongosho. Ilipogundulika ilikuwa imeshafika kwenye ini, na daktari alituambia bila kuzunguka kwamba kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Tulitoka pale moja kwa moja kwenye maombi. Aliyekuwa anatuongoza akatupa utaratibu: ndani ya nyumba lisitajwe neno saratani, wala kufa, wala maumivu. Atakayetaja amemfungulia adui mlango. Tukiri uzima tu, kwa kuwa Mungu hutenda sawasawa na tunachokiri.

Mkali kuliko wote nilikuwa mimi. Niliandika karatasi 14 kwa kalamu nene nyekundu, MIMI NI MZIMA, SITAKUFA BALI NITAISHI, KILA SELI INATII, nikazibandika ukutani kuanzia kichwani pa kitanda hadi mlangoni. Mgeni aliyekuja na uso wa huzuni aliishia sebuleni. Shangazi alitokwa na machozi mbele ya Mama, nikamshika mkono nikamtoa nje.

Usiku mmoja nikiwa namgeuza ubavu, Mama akaniambia taratibu, "Mwanangu, nimechoka." Nikamjibu hapohapo, "Mama, likatae hilo neno. Sema, nina nguvu." Akanitazama. Akasema, "Nina nguvu." Kisha akageukia ukutani. Aliishi siku 19 baada ya pale na hakuniambia tena neno lolote la moyoni. Nipe maji, sogeza mto, funga dirisha, basi.

Hatukuagana. Kuagana kungekuwa kukiri kifo.

Nilipozibandua zile karatasi, rangi ya ukuta ilitoka nazo. Mabaka 14 yako pale mpaka leo na baba analala akiyatazama.

Naomba kuuliza. Ile tuliyokuwa nayo ilikuwa imani ya Kikristo, au tulikuwa tunawaza mema tu tukaipaka jina la Yesu? Mtu anatofautishaje? Na je, kuna siku niliwahi kuwa na shaka, moja tu, chooni, nikalia nikajisemea "anakufa huyu". Ile shaka ndiyo iliyotuangusha? Tafadhali msinijibu kwa mistari mitupu. Mistari nilikuwa nayo ukuta mzima.

---

Ushindi_Daima · Jumapili, saa 5:03 usiku

Pole sana dada. Mungu akutie nguvu wewe na mzee.

Naomba tu usitupe kila kitu kwa sababu ya maumivu. Mithali 18:21 inasema mauti na uzima huwa katika uwezo wa ulimi. Marko 11:23, mlima unaambiwa, haupigwi picha. Mimi mwenyewe nilikuwa na kifua kilichonisumbua tangu utotoni. Nilikiri uzima miaka 2 kila asubuhi na leo nakimbia ngazi. Na nimeona pia upande wa pili, watu wanaokaa na wagonjwa wakihesabu magonjwa tu, na mgonjwa anazimika kabla ya siku zake kwa kukata tamaa. Mlivyomzunguka mama kwa maneno ya uzima mlifanya jambo jema. Kwa nini hakupona sijui. Lakini sipendi kuona mtu anafundishwa aache kutazamia muujiza.

Kuhusu ile shaka, tubu tu, yamepita.

---

Muuguzi_Mstaafu · Jumatatu, saa 12:20 asubuhi

Mwanangu, pole. Nimeamka nikakuta ulichoandika, na uji wangu umepoa nikiwa nakisoma. Nitaandika marefu kidogo, univumilie.

Nimeuguza miaka 31, na 12 ya mwisho nilikuwa wodi ya wagonjwa ambao tiba imefika kikomo. Kuta za karatasi kama wako nimeziona nyingi. Basi nianze na swali lako la mwisho, maana nadhani ndilo linalokunyima usingizi. Hapana. Hukumuangusha mama yako kwa kulia chooni, na huna cha kutubu hapo. Kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula. Uvimbe wake haushikiki kwa mkono, na mara nyingi unapoanza kuonyesha dalili unakuwa umeshasambaa. Ulichojisemea chooni ndicho alichowaambia daktari. Ulisema kweli. Na Mungu, kama angependa kumponya, asingezuiwa na chozi la mtoto anayempenda mama yake. Yule baba wa Marko 9 alimwambia Yesu usoni pake, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Alikuwa na vyote viwili mdomoni kwa pumzi moja. Mwanawe alipona.

Sasa hiyo tofauti. Lisikilize neno lenyewe. Imani, kuamini, mwaminifu, amana: ni ukoo mmoja. Ukisafiri ukamwachia mtu sanduku lako akutunzie, hiyo ni amana. Unaweza kulikabidhi huku mikono inatetemeka, unaweza kulikabidhi unacheka, sanduku halijui. Usalama wake uko kwa yule uliyemwachia. Paulo alipokuwa kifungoni akijua anakaribia mwisho alimwandikia Timotheo, "namjua yeye niliyemwamini, na kusadiki ya kwamba aweza kukilinda kile nilichokiweka amana kwake hata siku ile." Hasemi anajua kiasi alichoamini. Anamjua nani.

Katika kuwaza mema, kinachoshikiliwa ni kule kuwaza kwenyewe. Ndiyo maana kunahitaji mlinzi mlangoni. Shangazi akilia, kunatikisika. Mgonjwa akisema amechoka, kunatikisika. Jiulize, Mungu aliyemfufua Yesu katika wafu angetishwaje na neno "nimechoka" la mama aliyelala kitandani?

Na uzijue asili za haya mambo. Katika karne ya 19 huko Marekani alikuwako mtengeneza saa aliyeitwa Phineas Quimby, akafundisha kwamba ugonjwa unakaa katika fikra potofu za mgonjwa, fikra ikinyooshwa mwili unafuata. Mwanzoni mwa karne ya 20 mfamasia wa Ufaransa, Émile Coué, aliwafundisha wagonjwa wake kurudia asubuhi na jioni kwamba kila siku, kwa kila namna, wanazidi kuwa afadhali. Sikatai kwamba moyo uliochangamka unasaidia, nimeona wodini. Ila tazama: sentensi ile ya Coué inatamkwa na mtu yeyote bila kumhitaji Mungu yeyote. Halafu irudie karatasi yako inayosema KILA SELI INATII. Inamtii nani? Jina halimo. Nadhani humo ndimo mlimoteleza bila kujua, nyinyi na wengi wanaopendana kama nyinyi.

Kuna mahali katika Biblia pana mambo haya uso kwa uso, nami nimepafundisha mara nyingi mpaka kurasa zimelegea. Yeremia 28. Yeremia anatembea na nira shingoni kuonyesha kwamba utumwa wa Babeli hautaisha upesi. Anatokea nabii Hanania, mbele ya makuhani na watu wote hekaluni, anatangaza: miaka 2 tu, Bwana anavunja nira, vyombo vya hekalu vinarudi, na waliochukuliwa wanarudi. Ni neno zuri. Na Yeremia anamjibu nini? "Amina! Bwana na afanye hivyo." Hapo huwa nasimama. Yeremia naye alitamani iwe hivyo, hakuwa mtu wa kupenda mabaya. Hanania anaivua ile nira shingoni mwake anaivunja. Yeremia anaondoka zake kimya. Baadaye ndipo anatumwa arudi kumwambia Hanania kwamba Bwana hakumtuma, na kwamba amewafanya watu hawa walitumainie neno la uongo.

Fungua ukurasa unaofuata, sura ya 29, ile barua kwa walio uhamishoni. Jengeni nyumba mkae, pandeni bustani, oeni, uombeeni amani mji mliopelekwa. Ni miaka 70. Ndani ya barua hiyohiyo, baada tu ya kutaja miaka 70, ndipo unapokuta ule mstari unaoandikwa kwenye vikombe na kadi, "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi." Mtu mzima wa miaka 40 aliyeisoma barua ile alielewa kwamba atazikwa Babeli. Na ahadi ilikuwa yake vilevile. Hanania alikuwa na matumaini yenye tarehe. Yeremia alikuwa na Mungu, pamoja na habari mbaya, katika mkono mmoja.

Ndugu Ushindi_Daima, umeitaja Marko 11:23. Anza mstari mmoja juu yake: "Mwaminini Mungu." Mlima unakuja baadaye.

Jambo moja la wodini halafu niache. Palikuwa na mwanamke aliyekuwa akiniomba kila zamu ya usiku nimsomee zaburi. Usiku mmoja akaniuliza, "Sista, niko karibu?" Nikamwambia, "Ndiyo, mama, sio mbali." Akanyamaza, akavuta shuka vizuri kifuani, akasema, "Basi kesho waite wanangu, nina maneno na yule wa katikati. Na usiku huu uniombee nipone, maana ningependa." Nikamwombea apone. Asubuhi nikawaita watoto. Alikufa siku ya tatu. Sijawahi kuona imani kubwa kuliko ile, na hakukuwa na neno hata moja alilolikataa.

---

Ushindi_Daima · Jumatatu, saa 2:45 asubuhi

Asante mama, nimesoma yote. Ya Hanania sikuwahi kuyaona hivyo. Lakini nauliza kwa moyo mweupe: kama kila ombi nitaliwekea "ukipenda", si nimeshajiandalia kushindwa? Wengi wanaosema "mapenzi ya Mungu yatimizwe" wanasema kwa uvivu wa kuomba.

---

Muuguzi_Mstaafu · Jumatatu, saa 3:10 asubuhi

Uvivu huo upo, mwanangu, na nimeuchukia miaka yote. Omba bila haya. Gethsemane Yesu hakuanza na "mapenzi yako". Alianza, "yote yanawezekana kwako, uniondolee kikombe hiki." Aliomba hasa, na Marko anaandika kwamba alirudi kuomba maneno yaleyale. Hiyo nusu ya pili, "si kama nitakavyo mimi", aliisema mtu aliyekuwa amelowa jasho la kuomba. Na kikombe hakikuondolewa. Sasa utamwambia kwamba alikiri vibaya?

---

Mwiba_Mwilini · Jumatatu, saa 7:30 mchana

Nami niongeze langu. Nina seli mundu, nimezaliwa nayo. Nina miaka 34. Chembe za damu zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa midogo, na maumivu yake siwezi kumweleza asiyeyajua. Nimewekewa mikono mara nyingi sana. Mara 3 nimetangazwa nimepona mbele ya watu, na mara ya 3 nilikuwa kwenye maumivu palepale mbele, nikatabasamu kwa sababu watu walikuwa wanashangilia, nikaenda kutapika nyuma ya jengo. Nilikuwa na miaka 19.

Kilichonirudisha ni maneno madogo kwenye Danieli 3. Wale vijana watatu wanamwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru, halafu wanaongeza, "Bali kama si hivyo". Kama si hivyo, hatuisujudii sanamu yako. Nilipoyasoma nikiwa kitandani nilihisi kama mtu amenifungulia kifungo cha shati shingoni. Kumbe yanaruhusiwa kusemwa. Tena yamesemwa na watu ambao waliokolewa.

Na Waebrania 11 wanaisoma mpaka wanawake waliopokea wafu wao waliofufuliwa, mstari wa 35, wanafunga Biblia hapo. Mstari wenyewe haujaisha. Unaendelea na walioumizwa, na mistari inayofuata ina waliopigwa mawe, waliokatwa kwa misumeno, na wote wameshuhudiwa kwa imani ileile.

Kingine nilichokipenda ni kidogo mno. 2 Timotheo 4:20, Paulo anaandika, "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Hawezi, yaani mgonjwa. Mtume ambaye leso zake ziliponya watu kule Efeso anamwacha rafiki yake kitandani na kuandika hivyo kwenye barua bila aibu, bila maelezo, bila kumlaumu Trofimo. Nikiwa na siku mbaya na mtu akipiga simu huwa nasema tu, leo mimi ni Trofimo. Walionizoea wanajua maana yake, wanakuja na dawa na wanaomba.

Dada Kifungua_Mimba, mimi nimekuwa upande wa mama yako, upande wa kitandani. Nikuambie ukweli. Unapoambiwa ukatae ulichosema, unajua kabisa kwamba anayekuambia anakupenda na anaogopa. Mimi nilikuwa nasema "nina nguvu" ili mama yangu asiogope. Sikuwa namchukia. Nilikuwa namtunza.

---

Kifungua_Mimba · Jumatano, saa 3:55 usiku

Shikamoo mama Muuguzi, na asanteni wote. Ndugu Ushindi, nawe asante, sikukuona kama adui.

Mwiba, aya yako ya mwisho nimeisoma nikiwa nimesimama jikoni na ikabidi nikae chini.

Nilikuwa nafikiri jibu litakuwa kwamba tuliamini kidogo mno au kwamba hatukuamini kabisa. Sasa naona nilikuwa naitazama imani yangu usiku na mchana kama mtu anayelinda mshumaa usizimwe na upepo, na katika muda wote ule sikumbuki kama nilimwambia Mungu neno lolote ambalo halikuwa amri. Hata "tusaidie" sikusema. Niliona "tusaidie" ni ya watu wasioamini. Naandika hivi bila kujipiga, ni kweli tu ilivyokuwa.

Jana jioni nilimsomea baba ule mstari wa amana. Alikuwa kakaa ukingoni mwa kitanda, akasikiliza, akaomba nirudie. Nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza: "Baba, ulijua?" Akasema, "Nilijua tangu siku ile kwa daktari." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akachukua muda. Akasema, "Niliogopa kukuharibia imani yako, mwanangu. Nilikuwa naagana naye usiku mkiwa mmelala. Yeye alikuwa ananiambia, tuongee polepole, mtoto asisikie."

Kumbe waliagana. Miezi yote hii nilidhani alikwenda bila kuagana na mtu.

Nilimwambia baba kuhusu lile neno, nimechoka, na jinsi nilivyomjibu. Akaniambia Mama alimsimulia usiku uleule. Alisema, "Mwambie siku moja kwamba sikukasirika." Baba alikuwa anangoja niulize.

Jumamosi tunapaka rangi chumba chake. Ameniomba nibakize baka moja, lile la kichwani pa kitanda, na nimekubali.